Fundi wa Sare

Kabla hajauliza mshono, fundi hugeuza kitenge. Hukunjua pembe moja juu ya meza, huitazama mbele, kisha huipindua na kuitazama nyuma. Rangi zikiwa sawa pande zote mbili, huiachia pembe ile na kuvuta nyingine. Zikiwa zimefifia nyuma, hasemi neno, ila vidole vyake hukawia kwenye kitambaa, vikikisugua kujua ni pamba ya namna gani na kimetiwa wanga kiasi gani. Akishamaliza hapo ndipo anapoinua macho kumtazama aliyekileta.

Barazani kwake, Magomeni, Dar es Salaam, vimeletwa vipande vitatu vya kitenge kimoja. Ni sare ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Akina mama wa kamati wamekubaliana kitambaa katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, kila mmoja akanunua yadi zake 6. Uwanja wa kitenge hicho ni nili iliyokolea. Juu yake kuna majani makubwa ya rangi ya haradali, yote yameelekeza ncha juu, na kati ya jani na jani kuna duara jeupe pana kama kisahani cha chai. Watakaokivaa hawafanani: mama wa makamo, mfupi, mwenye kifua kikubwa, binti mrefu mwembamba, aliyenyooka kuanzia begani mpaka gotini, na dada mwenye kiuno chembamba na nyonga pana. Siku ya sherehe watasimama mstari mmoja mbele ya kamera.

Sare ndiyo inayompima fundi. Mtu akivaa kitambaa chake peke yake, rangi au ua linaweza kumbeba, na ushonaji wa kawaida ukapita bila kuonekana. Kwenye sare kitambaa ni kilekile kwa wote. Kinachobaki cha kumtoa mmoja na kumwangusha mwingine ni mkato, na ndiyo maana katika kamati nyingi hakosekani anayejisogeza nyuma ya wenzake picha zinapopigwa. Nimemtazama fundi huyu akishona sare nyingi, na sijamwona mteja wake akijisogeza nyuma. Mazungumzo ya mavazi ya wanawake yamejaa maneno ya kuficha: ficha tumbo, ficha mikono, ficha nyonga. Kinywani mwake neno hilo sijalisikia. Yeye hutafuta mahali ambapo mwili tayari umependeza, kisha hukipanga kitambaa ili macho ya watu yaanzie hapo.

Kazi huanzia kwenye beseni. Vitenge vyote vitatu vinalowekwa kwenye maji baridi yenye chumvi kidogo, vikae mpaka wanga ulegee, kisha vinasuuzwa na kuanikwa kivulini. Pamba isiyolowekwa hunywea ikifuliwa mara ya kwanza, na gauni lililokaa vizuri siku ya sherehe likarudi kutoka kwenye kamba limepanda juu ya goti na kubana kwapani. Wateja wenye haraka humwomba aruke hatua hii. Haruki. Humwambia mteja aje siku inayofuata, akampa na kiti akae apoze moyo.

Hiki cha sare ni kitenge cha nta. Ufundi wake ulitoka kwenye batiki za Java, Waholanzi wakaugeuza kazi ya mashine. Kampuni ya Vlisco, ya mjini Helmond, ilianzishwa mwaka 1846, na leo vitenge vya namna hiyo hutengenezwa pia Ghana na China. Utomvu wa moto hupigwa chapa pande zote mbili za pamba, kisha pamba huchovywa kwenye nili, na penye utomvu rangi haiingii. Utomvu ukipata nyufa, nili hupenya humo na kuacha mishipa myembamba ya bluu ndani ya jani la njano. Kitenge cha bei nafuu hupigwa chapa upande mmoja tu. Kwa fundi tofauti hii ni ya kazi kabisa: mkono wenye mdomo mpana hupinduka mtu anaponyanyua glasi, na rinda la chini hufunuka mtu akitembea. Kama nyuma ya kitambaa imepauka, mishono hiyo anaiondoa kwenye hesabu mapema, kabla mteja hajaipenda. Yeye mwenyewe alianza kujifunza kwenye pamba ya Urafiki, kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na bado akishika kitambaa kizito chenye nyuzi zilizoshikana husema, "Hiki kina mwili."

Mama wa makamo ndiye wa kwanza kupimwa. Fundi hamsogezi kwenye kioo. Anampeleka mlangoni, penye mwanga wa nje, anamwekea kitenge chini ya kidevu, na kukipandisha na kukishusha. Anachokitafuta ni uso. Nili ikisogea karibu sana na shingo, kivuli chake kinapanda kwenye mashavu na mama anaonekana amechoka. Jani la haradali likija mahali pa nili, ngozi inapata joto na macho yanafunguka. Tofauti hiyo ningeipita bila kuiona kama asingenionyesha, akirudia mara mbili, nili, kisha haradali, nili, kisha haradali. Tayari ameshaamua kitu: kwenye shingo ya gauni hili kutakaa jani.

"Sasa nenda mpaka pale kwa muuza vocha, urudi," anamwambia.

"Kununua vocha?"

"Kutembea tu, dada yangu."

Mama anakwenda na kurudi, mkoba begani kushoto. Fundi anamtazama mabega. Bega la kushoto limeshuka kidogo, jambo la kawaida kwa mtu aliyebeba mkoba upande mmoja miaka yote. Tepu ingesema mabega ni sawa, kwa kuwa tepu hupima upana na haijui kupanda na kushuka. Anaandika mstari mdogo kwenye daftari na mshale unaoelekea chini.

Kisha tepu inafanya kazi. Bega hadi bega kwa nyuma. Kifua juu ya matiti, chini ya kwapa. Kifua kamili. Chini ya matiti. Kwa kiuno hakisii. Anamfunga mama uzi na kumwambia ainame upande mmoja, kisha mwingine, na pale mwili unapojikunja uzi unajisogeza wenyewe na kutulia. Hapo ndipo kiuno kilipo, na kwa wengi si pale wanapofungia mkanda. Anapima tumbo, nyonga mahali palipojaa zaidi, bega hadi ncha ya titi, ncha kwa ncha, bega hadi kiuno kwa mbele, na hicho hicho tena kwa nyuma. Mafundi wenye haraka hupima mbele peke yake. Kwa mama huyu mbele ni inchi 17 na nyuma ni inchi 15 na nusu. Inchi hiyo moja na nusu ndiyo inayofanya magauni ya dukani yampande mbele na kuning'inia nyuma, naye miaka yote akidhani kosa ni la mwili wake.

"Usivute tumbo, dada."

"Nimezoea."

"Siku ya sherehe utakula. Achia."

Mama anaachia pumzi, tepu inarefuka, na fundi anaandika ile namba ya pili.

Mteja hufika na picha kwenye simu, na mama huyu amekuja na picha ya gauni la peplamu lililovaliwa na msichana mrefu kuliko yeye kwa shibiri nzima. Fundi anaichukua simu kwa mikono miwili na kuitazama kwa makini kama vile hajawahi kuona peplamu. Halafu anauliza swali lake la siku zote: "Hapa umependa nini?" Mama anafikiri. Anasema amependa vile kiuno kilivyoonekana. "Basi kiuno utakipata," anasema fundi, na kuligeuza daftari nyuma, akachora.

Mchoro una mistari michache, na kila mstari una sababu yake. Shingo ni ya umbo la V, isiyoshuka sana, kwa kuwa V hufungua nafasi kati ya kidevu na kifua na kurefusha shingo fupi. Mshono wa kati hauko kiunoni kabisa. Umepanda inchi moja juu yake, hivyo miguu inaanzia mbali zaidi. Sketi inashuka wima na kutanuka kidogo tu kuelekea chini. Mkono unafika karibu na kiwiko. Hapa fundi ana msimamo nami nimekuja kumwamini: mkono mfupi unaokatika usawa wa matiti huunganisha pindo zake mbili na kifua kuwa mstari mmoja mpana, na mwenye kifua kikubwa huonekana mpana kuliko alivyo. Mkono ukishuka, mstari ule unavunjika. Pindo la chini linaishia chini ya goti, pale mguu unapokuwa mwembamba kabla misuli ya nyuma haijaanza kujaa. Nusu inchi chini zaidi na mguu ule ule ungeonekana mzito.

Kuna mafundi wanaokata kwa ramani za karatasi, na vijana wengi wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA hufundishwa hivyo. Yeye huchora moja kwa moja juu ya kitambaa. Kwanza anakipiga pasi ya mkaa, ile yenye jogoo wa chuma kwenye kifungio, akifuata urefu wa nyuzi ili kitambaa kisivutike mshazari. Anakikunja mara moja, upindo kwa upindo, na anahakikisha jani la juu limelalia jani la chini. Anachoma pini katikati ya jani, anainua kitambaa, anatazama pini imetokea wapi. Imetokea ukingoni mwa jani. Anafungua, anasogeza, anachoma tena. Robo inchi haimtoshi. Anarudia mpaka ncha ya pini inatokea katikati ya jani la chini, na hapo ndipo anaposhika chaki.

Sasa inakuja kazi ambayo watu hawaioni katika gauni lililokamilika. Kitenge chenye ua kubwa kina hatari zake, na yale maduara meupe ndiyo hatari ya hiki. Duara likitua juu ya titi, macho yote yatatua hapo. Yakitua mawili, mwanamke ameharibikiwa sherehe nzima. Likitua katikati ya makalio, ni vivyo hivyo, na mwenyewe hatajua mpaka aone picha. Fundi anaweka kidole kwenye namba ya daftari, bega hadi ncha inchi 11, anapima kwenye kitambaa, anaweka nukta ya chaki. Nukta imeangukia ndani ya duara. Anasogeza mchoro wote juu kwa inchi 4. Sasa ncha iko kwenye nili tupu, jani limekaa katikati ya kifua na ncha yake inaelekea kwenye V ya shingo, na duara la karibu limehamia chini ya mshono wa kiuno, ubavuni, ambako litamezwa na mkunjo. Kwa kusogeza huko amepoteza kitambaa, na kwa kuwa majani yote yanatazama juu, hawezi kukigeuza kipande kichwa chini ili kuokoa nafasi. Anapima kilichobaki. Gauni linatosha, kilemba kinatosha, na kiraka cha mfuko hakipo tena. Anakubali.

Hesabu anazifanya kichwani. Kifua 44, anaongeza inchi 2 za nafasi ya kupumua, inakuwa 46. Wengi wangegawa kwa nne na kukata vipande vinavyolingana. Yeye anaipa robo ya mbele inchi 12, na robo ya nyuma inchi 11, kwa sababu mwili wa mama huyu uko mbele. Nje ya mistari anaacha akiba ya mshono: nusu inchi begani, inchi moja nzima ubavuni. Dati, ile mikunjo midogo inayochongoka ambayo hulipa gauni umbo la mwili, anazichora mwisho. Dati ya ubavuni inaelekea kwenye ncha ya titi lakini haifiki; inaishia inchi moja na nusu kabla. Ikifika nchani, kitambaa hujitokeza na kuchongoka. Ikiishia mbali mno, chini ya titi panabaki pamelegea. Mahali sahihi ni padogo sana, na hupapata kwa kuweka vidole viwili kando ya nukta ya chaki.

Anaposhika mkasi, maongezi barazani hukoma. Mkasi wake ni mzito, wa chuma cheusi, na hakuna anayeruhusiwa kukatia karatasi kwa mkasi huo. Ubavu wa chini wa mkasi hauachi meza. Hafungi makali mpaka mwisho. Anayaacha wazi kidogo, anasukuma, anafungua, anasukuma, hivyo ukingo unatoka bila meno. Kwenye kona ya kwapa anapunguza mwendo na kitambaa ndicho kinachozunguka, mkono wake ukibaki pale pale.

Vipande haviendi kwenye cherehani bado. Anavipiga bandi kwa mkono, uzi mweupe juu ya nili, hatua ndefu za kufumuliwa. Mama ameambiwa aje na sidiria atakayovaa siku ile na viatu vyake, maana sidiria nyingine huinua kifua kwa inchi nzima na kisigino hubadili namna mtu anavyosimama. Gauni likiwa limevaliwa, fundi anakaa kwenye kigoda na kulisoma. Mikunjo humweleza kila kitu. Mkunjo unaotoka kwenye titi kwenda kiunoni kwa mshazari unasema dati haijala kitambaa cha kutosha. Mkunjo wa ulalo chini ya kisogo unasema mgongo umeachwa mrefu. Hapa anauona ule aliokuwa akiutarajia: begani kushoto kitambaa kimelegea na kushuka kuelekea kwapani. Anakibana kwa pini mwisho wa bega, robo inchi, si zaidi, na mkunjo unapotea wote mpaka kwapani. Mama anajitazama kiooni, anajua kuna kitu kimetengenezeka, hajui ni nini.

"Kaa chini," anasema fundi. "Simama. Nyanyua mikono kama unacheza." Gauni linapanda na mikono, halafu linarudi mahali pake lenyewe.

Binti mrefu mwembamba ni kazi ya aina nyingine kabisa, na nimependa kuona mkono ule ule ukibadili nia. Kwake fundi hapunguzi kitu, anaongeza. Shingo inakwenda kwa ulalo kutoka bega hadi bega. Mikono inajazwa marinda begani na kubanwa chini, iwe ya puto. Sketi inapewa upana unaozidi kiuno chake mara mbili na kukusanywa kwa nyuzi mbili sambamba zinazovutwa pole pole, marinda yakisambazwa kwa ncha ya sindano ili yasirundikane mahali pamoja. Yale maduara meupe aliyoyakimbiza kwa mama, hapa anayaita: moja linakaa kila upande wa kifua, makusudi, kwa kuwa kifua chake ni kidogo na kinaweza kubeba mapambo. Binti alipofika mara ya kwanza, baada ya shikamoo, aliomba gauni la kubana. Fundi alimwambia, "Marahaba, mwanangu. La kubana nitakushonea, lakini si la sare hii," na kumkalisha amwoneshe kwa kitambaa chenyewe jinsi jani zima linavyofunguka likipata nafasi.

Dada mwenye nyonga pana ndiye aliyechukua muda mrefu zaidi. Sehemu ya juu fundi aliifuatisha mwili, kwa mishono miwili ya wima inayoshuka kutoka begani kupitia kifua hadi kiunoni. Sketi aliamua kuikata hanamu. Kitambaa kikikatwa kwa mshazari wa nyuzi zake hulainika, huweza kushuka juu ya nyonga bila kushika na bila kupepea. Jijini Paris, Madeleine Vionnet, aliyefungua nyumba yake ya mitindo mwaka 1912, alijijengea jina kwa mkato huu. Fundi wa Magomeni aliujifunza kwa kukata vipande vyembamba vya kuzungushia shingo, akagundua mwenyewe kwamba kitambaa kinachokubali kuizunguka shingo kitaikubali nyonga pia.

Ugumu ulikuwa kwenye majani. Kikikatwa hanamu, kila jani linalala upande. Akatandika kitenge chote sakafuni juu ya mkeka, akavua viatu, akapiga magoti juu yake na chaki. Kipande cha kushoto akakielekeza majani yainamie katikati, cha kulia vivyo hivyo kutoka upande wake, ili kwenye mshono wa mbele kila jani likutane na mwenzake na ncha mbili zifanye mshale unaoelekea juu. Alichoma pini kila jani. Alishona bandi mshono mzima, akaufungua, akasogeza jani la tatu kwa upana wa uzi, akapiga bandi tena. Mishale ile ikishapangwa, macho yanayotua kwenye sketi hupandishwa moja kwa moja mpaka kiunoni, mahali pazuri kuliko pote kwa dada huyu. Nyonga zimebaki na upana wao wote. Kitambaa cha kutosha kilemba hakikubaki kwake, na alipoambiwa sababu hakunung'unika.

Cherehani ni Butterfly ya kukanyaga kwa miguu, na umeme ukikatika mtaani haina habari. Kabla ya mshono wa kwanza anabadili sindano, anapiga tone la mafuta, anajaribu kwenye kipande cha taka cha kitenge kile kile. Anageuza na kutazama chini: uzi wa bobini ukionekana juu, au wa juu ukijitokeza chini, kibano cha uzi hakijakaa sawa. Anakizungusha kwa ukucha. Mshono ukija sawa juu na chini ndipo anaposogeza gauni.

Anachonifundisha kuthamini zaidi ni pasi. Hashoni mshono wa pili juu ya wa kwanza kabla wa kwanza haujapigwa pasi. Dati za kifua anazilaza juu ya taulo lililoviringishwa, ili joto lizipe umbo la mviringo, na anazielekeza chini. Mishono ya ubavu anaifungua pande mbili na kuikandamiza kwa kitambaa chenye unyevu. Anasimama, anakaa, anasimama, siku nzima kati ya cherehani na meza. Nguo iliyopigwa pasi mwisho tu huonekana imenyooka ikiwa kwenye henga, lakini mwilini mishono yake hukaa migumu.

Kwenye zipu ya nyuma ya gauni la mama nilisogeza kiti karibu. Mshono wa mgongo unalikata jani moja nusu kwa nusu. Fundi anashona upande mmoja wa zipu, anaifunga, anaweka chaki mahali ambapo ukingo wa jani, mshipa wake wa kati na ncha yake vinakutana na utepe wa zipu. Anaifungua, analaza upande wa pili, anazioanisha zile alama tatu, anachoma pini tatu. Anafunga tena kuangalia. Kisha anashona kwa mguu mwembamba wa zipu, gurudumu akilizungusha kwa mkono penye ncha, tundu kwa tundu. Zipu inapopanda, jani linajifunga na kuwa zima.

Sketi ya hanamu haipindwi siku ile inaposhonwa. Inatundikwa usiku kucha, kwa kuwa hanamu hunyooka kwa uzito wake wenyewe, na huwa hainyooki kwa usawa. Asubuhi mwenyewe anaivaa na viatu vyake, anasimama juu ya meza ndogo, na fundi anamzunguka kwa fimbo ya kupimia, akiweka alama ya chaki kila baada ya vidole vinne, akipima kutoka chini kwenda juu. Anayesimama hasogei, anayezunguka ni fundi, kwa magoti. Alama zikiunganishwa, mstari wa chaki unapanda na kushuka juu ya kitambaa, lakini mbele ya mtu aliyesimama pindo limenyooka kote. Halafu anakaa na kuponta kwa mkono, sindano ikichukua uzi mmoja tu wa kitambaa cha nje kila hatua, ili mbele pasionekane kitu.

Magauni yalichukuliwa Ijumaa jioni. Mama wa makamo alivaa lake juu ya baraza, akaenda mpaka kwa muuza vocha na kurudi, safari hii bila kuambiwa. Fundi alikuwa ameshaligeuza la binti ndani nje na kumwonyesha akiba ya mshono ubavuni, inchi moja kila upande. "Ukinenepa usilitupe, lete nilifungue. Ufue kwa maji baridi, uanike kivulini, pasi upige kwa ndani." Kisha akamwita dada wa sketi ya hanamu, akampa henga ya mbao, na kumwambia asilitundike gauni muda mrefu, alikunje na kulilaza kabatini.